Pongezi kwa Wasimamizi wa Shule za Haut-Lomami

Mwaka 1974 serikali ya Zaire ilizichukua shule za makanisa. Mambo hayakwenda vizuri. Februari 1977 ikatia sahihi mkataba: makanisa yarudi kuendesha shule zao, serikali ibaki na programu ya masomo, mitihani, ukaguzi na mishahara.

Mkataba huo, uliozaliwa katika shida, umeishi muda mrefu kuliko Zaire yenyewe. Mjini Kamina shule za serikali, za Wakatoliki na za Wametodisti zinafundisha programu ileile. Kila kanisa lina ofisi yake ya uratibu, na juu ya ofisi hizo yupo proved, mkuu wa mkoa wa elimu. Mkoa wa Katanga ulipogawanywa mwaka 2015, Kamina ikawa makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami.

Ila wanaostahili pongezi kwanza ni wakuu wa ofisi ndogo za elimu na wakaguzi. Kutoka Kaniama hadi Malemba-Nkulu njia ni mbovu mno, na kandokando ya Lualaba na maziwa ya Upemba kuna vijiji wanavyovifikia kwa mtumbwi. Elimu ya msingi ilipofanywa bure Septemba 2019, madarasa yalifurika, na mzigo ukawaangukia wao. Mwalimu wa kijijini anayengoja kuingizwa kwenye orodha ya mishahara Kinshasa, karatasi zake huanzia mezani kwa wakuu hawa.