Kurasa Zinazotazamana: Umbo la Kazi ya Askofu Steere

Ulaya ya karne ya 15 ilikuwa na maaskofu ambao usomi wao haukutengana na uaskofu. Enea Silvio Piccolomini, askofu wa Siena kabla hajawa Papa Pius II mwaka 1458, aliandika hadithi na historia. Nicholas wa Cusa alisaka miswada ya kale. Kwetu, aliyewakaribia zaidi kwa tabia ya kalamu ni Edward Steere, mwanasheria wa London aliyefika Unguja mwaka 1864, akawa askofu mwaka 1874, akafariki mwaka 1882. Tofauti ni kwamba wao walifukua maandishi, yeye alitega sikio kwa walio hai.

Msomaji aliyezoea kupita Korogwe chini ya milima ya Usambara, na aanze na kijitabu cha mwaka 1867, kilichopigwa chapa Unguja: makusanyo kwa ajili ya kitabu cha mwongozo wa lugha ya Kishambaa. Makusanyo ni utanzu wenye adabu yake. Hayadai kuimaliza lugha. Yanapanga maneno na kumwachia mjuzi wa baadaye nafasi ya kuongeza. Steere aliurudia utanzu huo kwa Kiyao na Kimakonde. Kanisa lake la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, nawaachia wahakiki wa majengo.

Kilele chake, kwa maoni yangu, ni mkusanyo wa hadithi za Unguja wa mwaka 1870, ambamo Kiswahili na Kiingereza vinatazamana, kila kimoja na ukurasa wake. Mpangilio huo ni hoja: msimulizi anapewa heshima ambayo wanazuoni wa Ulaya waliwapa waandishi wa Kiyunani.

Tazama kisa cha punda wa dobi. Kinaanza na urafiki wa kima na papa. Papa anamchukua kima baharini, kisha anamfichulia kuwa sultani wao mgonjwa anahitaji moyo wa kima. Kima anadai ameuacha mtini. Akisharejeshwa pwani anapanda mti, na papa anapomwita, badala ya kukataa waziwazi anasimulia habari za punda aliyeponea chupuchupu kwa simba, akashawishika kurudi na kuuawa. Sungura anakula moyo na masikio yake, kisha anamwuliza simba: angekuwa navyo, angerudi? Hadithi ya ndani ndiyo jibu la hadithi ya nje. Kukataa kunageuka usimulizi, na papa analazimika kuwa hadhira kabla hajatambua kwamba ameshindwa.

Kisa hicho kina asili ya Kihindi, na kwa Kiarabu kimo katika Kalila na Dimna. Mhariri mwenye pupa angekipa jina la kima na papa, wahusika wanaotangulia. Jina lililochapwa ni la punda, mhusika asiyewahi kuonana na yeyote kati yao, na hivyo msomaji anaingia baharini akimsubiri mnyama ambaye hayumo humo.