Kero ya kaunta buku inavyogeuka programu

Ng'ombe wengi wanaochinjwa kwenye machinjio ya Vingunguti, Dar es Salaam, wametoka mnada wa Pugu, na kabla nyama haijafika buchani imeshaandikwa mara kadhaa: kwenye daftari la mwenye mali, kwenye stakabadhi ya ushuru, kwenye kaunta buku la karani anayetunza madeni ya mabucha. Tuseme karani huyo ni kijana aliyesomea kompyuta akakosa ajira ya fani yake. Kila jioni anaoanisha meseji za malipo kwenye simu ya bosi na majina ya wadaiwa.

"Dogo, hela ya bucha ya Tabata imeingia?"

"Imeingia bosi, ila jina lililokuja silo."

Mwenye bucha katuma kwa laini ya mkewe. Saa nzima inapotelea hapo, na hapo ndipo karani anaanza kuota kuacha kazi aanzishe kampuni yake.

Kero hiyo inaweza kuwa biashara, lakini si kwa sababu inamkera yeye. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kamal Budhabhatti, kijana wa Kihindi aliyeajiriwa Nairobi, aliandika programu ya kibenki nje ya saa za kazi akaiuzia benki. Mwajiri akagundua, kijana akarudishwa India. Baadaye alirejea Nairobi akajenga Craft Silicon, ambayo programu zake hutumiwa na benki na taasisi za mikopo midogo, na ambayo mwaka 2016 ilianzisha teksi za Little kwa kushirikiana na Safaricom. Kisa hiki husimuliwa kama cha jasiri aliyefukuzwa akarudi kwa kishindo. Sioni kama kufukuzwa kulimsaidia kitu. Aliondoka akiwa tayari na mteja, na shida aliyoitatua ilikuwa kwenye benki nyingine pia.

Karani wetu naye apige hesabu hiyo. Kama kaunta buku la jirani lina vurugu ileile, ana soko. Kama vurugu inatokana na ubahili wa bosi wake tu, huo ni ugomvi wa kazini, na dawa yake ni kuhama.

Toleo la kwanza halihitaji stoo, mishahara wala ripoti za rangi. Linahitaji majedwali ya mabucha, madeni na malipo, basi. Kila bucha iruhusiwe namba za simu zaidi ya moja, maana tatizo lilianzia huko. Meseji ikiingia, programu itafute namba. Isipoiona, imwachie karani aamue, kisha ikumbuke jibu lake kwa malipo yajayo. Isikisie kamwe: hela ya huyu ikifuta deni la yule, imani inakwisha siku hiyohiyo. Na kwa kuwa mabucha hulipa kidogo kidogo, malipo yasisubiri hadi yalingane na deni moja. Yapunguze deni la zamani kwanza. Data zikae kwenye simu, zipande mtandaoni bando likipatikana. Risiti za mashine za kodi za EFD, ambazo Mamlaka ya Mapato (TRA) ilizianzisha mwaka 2010, aziache zilivyo. Zina masharti yake.

Kinachoangusha wengi ni umiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, lakini kazi iliyobuniwa ndani ya majukumu ya ajira, haki zake za kiuchumi ni za mwajiri, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Ukiandika kwa kompyuta ya ofisi, saa za ofisi, bosi anaweza kudai umemjengea yeye. Wahandisi watano walioacha IBM Ujerumani mwaka 1972 wakaanzisha kampuni ya programu ya SAP waliona mbali: hawakuwa na kompyuta, wakatumia ya mteja wao wa kwanza, kampuni ya ICI, lakini haki ya kuwauzia wengine ilibaki kwao.

Kwa hiyo, ndugu karani, kabla ya barua ya kuacha kazi soma mkataba wako, kisha kaa na bosi. Mwombe akuandikie kwamba programu ni yako na yeye ataitumia bure. Aliyechoka kubishana na mabucha anaweza kusaini palepale. Akikataa, usiandike hata mstari mmoja hadi utakapokuwa umeondoka.