Hofu na Ujasiri wa Mfiadini katika Simulizi ya Perpetua

Simulizi ya Perpetua na wenzake, waliouawa kwa ajili ya imani katika uwanja wa michezo wa Carthage, Tunisia ya leo, mwaka 203, mara nyingi husomwa kama kielelezo cha ujasiri usiojua hofu. Msingi wa usomaji huo ni taswira ya mwisho: mwanamke kijana anauongoza mkono wa muuaji hadi kooni mwake. Hata hivyo, taswira hiyo haitoki katika sehemu ambayo matini inasema iliandikwa na Perpetua mwenyewe.

Matini hiyo ya Kilatini ina sauti tatu. Ya kwanza ni shajara ya gerezani, ambamo Perpetua anasimulia kwa nafsi ya kwanza. Ya pili ni njozi ya Saturus, mfungwa mwenzake. Ya tatu ni ya mhariri asiyetajwa jina, anayesimulia siku ya mauaji kwa nafsi ya tatu. Mabadiliko ya nafsi kutoka "mimi" kwenda "yeye" yanabadili pia maana ya ujasiri.

Katika shajara, hofu haifichwi. Perpetua, mama wa takribani miaka 22 mwenye mtoto anayenyonya, anakiri kuogopa giza la gereza. Anamhangaikia mtoto aliyedhoofika kwa njaa. Anaporuhusiwa kukaa naye, gereza lilelile linakuwa kwake kama jumba la kifahari. Mgongano mzito zaidi, aidha, si kati yake na mtawala Hilarianus, bali kati yake na baba yake. Kwa mtawala anajibu kwa ufupi kwamba yeye ni Mkristo. Kwa baba anatafuta mfano: kama chombo kisivyoweza kuitwa kwa jina lisilo lake, ndivyo naye asivyoweza kujiita isipokuwa Mkristo. Baadaye baba anambusu mikono, anajitupa miguuni pake na kumwita bibi badala ya binti. Anapopigwa fimbo kwa amri ya Hilarianus, Perpetua anaumia kana kwamba ndiye aliyepigwa. Uthabiti wake, basi, hauui upendo wa mwana kwa mzazi; unasimama ubavuni mwake.

Mhariri anaelekea kwingine. Katika usimulizi wake, Perpetua anarushwa na ng'ombe mkali, anajisitiri, anazifunga nywele zake, kisha anazinduka kama aliyetoka usingizini, asijue kwamba amekwisha kushambuliwa. Mhariri anaongeza kwamba huenda mwanamke wa namna hiyo asingeweza kuuawa bila ridhaa yake. Maumivu yanafifizwa ili utukufu uonekane.

Inaweza kudaiwa kwamba shajara nayo ina faraja za kimuujiza: njozi, na maziwa yanayokauka bila maumivu mtoto anapozuiliwa na babu yake. Lakini katika shajara faraja hutanguliwa na ukiri wa mateso. Hupokelewa kama rehema, wala haisimuliwi kama sifa ya shujaa.

Isitoshe, mhariri mwenyewe hakufanikiwa kuyafuta maumivu yote. Felicitas, anayejifungua gerezani katika mwezi wa nane wa ujauzito, anakiri kwamba uchungu wa sasa ni wake mwenyewe. Ni uwanjani tu ndipo Mwingine atateseka ndani yake. Kadhalika, kabla ya Perpetua kuuongoza mkono wa mpiganaji asiye na uzoefu, upanga unagonga mfupa naye anapiga yowe. Yowe hilo ndilo linaloiunganisha "yeye" ya mhariri na "mimi" ya shajara.

Usomaji unaolipita yowe hilo una athari kubwa. Unamwacha muumini anayeogopa akidhani kwamba hofu yake ni dalili ya kukosa imani, na unaifanya sadaka ya mfiadini ionekane haikugharimu kitu. Matini yenyewe inashuhudia kinyume: Perpetua aliogopa, alilia kwa ajili ya wengine, na hakulibadili jibu lake.