"Uchumi wa Mafuta" au Ulaji wa Gari? Tahakiki ya Istilahi za Pikapu Kuukuu

Katika fomu ya safari za magari inayotumiwa na ofisi moja ambayo hatuna haja ya kuitaja, mna safu yenye kichwa "Uchumi wa Mafuta". Fomu hiyo tulionyeshwa Talatala, wilayani Kyela, na dereva wa makamo aliyekuwa ameegesha pikapu kuukuu ya dizeli chini ya mwembe akingoja mvua ipungue. Mwezi mmoja safu hiyo ilisomeka 12.5. Mwezi uliofuata ikasomeka 10. Karani aliyezipitia fomu aliona kwamba uchumi umeshuka, akatoa taarifa kwa mkubwa wake, na dereva akatakiwa aandike maelezo kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu kwa upotevu wa mafuta ya serikali.

Tarakimu zile zilikuwa lita kwa kila kilomita 100. Kati ya mwezi wa kwanza na wa pili nozeli za gari zilikuwa zimesafishwa, chujio la hewa limebadilishwa, na matairi yote manne yamejazwa upepo. Kwa hiyo gari lililokuwa likila lita 12 na nusu katika kilomita 100 likawa linakula lita 10 tu. Dereva aliiokolea ofisi yake lita mbili na nusu katika kila kilomita 100, naye akatakiwa ajieleze. "Mwalimu," alituambia (maana mtu mwenye daftari na kalamu hakosi kuitwa hivyo), "gari nimelitibu mimi, wao wanasema nimeliibia."

Hatudhani kwamba karani yule alikuwa na nia mbaya, wala kwamba hajui hesabu. Alisoma neno kama lilivyoandikwa. Uchumi ukitoka 12.5 hadi 10, kila Mswahili atasema umeshuka, na uchumi ukishuka ni hasara. Tangu Januari 1967, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alipotangaza kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, fomu nyingi zimefasiriwa, na nyingi zimefasiriwa vizuri. Lakini fomu ikifasiriwa vibaya haina msomaji wa kuitahakiki kama ilivyo riwaya au tamthilia. Hujazwa, hutiwa sahihi, hupelekwa mbele, na mtu wa mwisho kulipia kosa la mfasiri ni yule asiyekuwa na kauli.

Tulitazame neno lenyewe. "Uchumi" limetokana na kitenzi "chuma", yaani kuvuna na kujipatia. Wazo lake ni la kuingiza. Katika lugha kadhaa za Ulaya, neno moja hubeba mambo mawili: mfumo wa mali wa nchi, na tabia ya mtu asiyetapanya. Mfasiri wa fomu yetu alilikuta neno hilo likiwa na maana ya pili, akaliandikia maana ya kwanza. Matokeo yake, "uchumi wa mafuta" kwa msomaji wa kawaida ni habari za visima, bei za dunia na mapato ya nchi zenye petroli. Ni istilahi nzuri kabisa kwa makala juu ya nchi za Ghuba. Kwa pikapu ya Talatala haifai. Kiswahili kilikwisha kuwa na neno "iktisadi" kutoka Kiarabu, ambalo lingeweza kubeba maana zote mbili pasipo taabu. Lakini tusijidanganye: hatujapata kumsikia dereva wala fundi akilitamka, na istilahi ya gereji isiyotamkwa gereji ni pambo la kabati.

Wengine wamependekeza "ufanisi wa mafuta". Hapa mwenye ufanisi anakuwa mafuta, hali tunayemsifu au kumlaumu ni gari pamoja na mwendeshaji wake. Wengine huandika "matumizi ya mafuta", nalo si kosa, ila halitoshi. Matumizi ni jumla: mwezi huu gari limetumia lita 180. Jumla hiyo haisemi kama gari linakula vizuri au vibaya, maana pengine lilikwenda Mbeya mara tano, pengine lilikaa Ipinda wiki nzima. Tunachotafuta ni jina la uwiano.

Madereva wenyewe wanalo. Gari "linakula mafuta", au "linakunywa", na likiwa jema sana husemwa "linanusa tu". Kutokana na kula tunapata "ulaji", neno lililoundwa kwa kanuni, fupi, na lenye faida moja kubwa: mwelekeo wake haupotoshi. Ulaji ukipanda ni vibaya, ukishuka ni vizuri. Lau safu ile ingeitwa "Ulaji", 12.5 kushuka hadi 10 kungeleta pongezi.

Hata hivyo lipo pingamizi ambalo hatuwezi kulipuuza. "Ulaji" katika lugha ya siku hizi ni pia nafasi ya kujinufaisha kwa mali ya umma. Mtu akiambiwa amepata ulaji, hatuwazii chakula. Kuandika "Ulaji wa Mafuta" katika fomu ya serikali, juu ya jina la dereva, ni kumweka mahali pabaya kabla hajawasha gari. Yumkini mfasiri wa fomu alilikimbia neno hili kwa sababu hiyo hiyo, na hapo tunamwelewa. Lakini dawa yake ni kumtaja mlaji. Tuseme "ulaji wa gari". Gari halishitakiwi kwa rushwa.

Jambo la pili ni kipimo, na hapa matatizo ni mazito kuliko wafasiri wengi wanavyodhani. Pikapu zetu zimetoka pande mbalimbali za dunia. Land Rover za zamani zilikuja na vitabu vya Kiingereza vyenye maili kwa galoni. Peugeot 404 na 504 zilitoka Ufaransa, ambako huhesabu lita kwa kilomita 100. Toyota Hilux, ambazo ndizo tunazoziona zaidi leo, asili yake ni Japani, ambako huhesabu kilomita kwa lita, na dereva wa Kyela huhesabu hivyo hivyo: "hii inakwenda nane kwa lita". Njia mbili hizi za mwisho zinakwenda kinyume. Katika moja tarakimu kubwa ni sifa, katika nyingine ni aibu. Nazo hukutana mahali pamoja tu, kwenye 10, kwa kuwa kilomita 10 kwa lita ni sawa kabisa na lita 10 kwa kilomita 100. Ndiyo maana ile 10 ya dereva wetu ilikuwa kweli kwa vyovyote vile. Iliyomponza ni 12.5, ambayo karani aliisoma kama kilomita kwa lita, kumbe kwa hesabu hiyo gari lilikuwa likienda kilomita 8 tu.

Kuhusu galoni tutasema machache. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785. Gari liendalo maili 20 kwa galoni ni kilomita 7.1 kwa lita kwa galoni ya kwanza, na 8.5 kwa ya pili. Tena kwa Watanzania wengi leo galoni ni chombo cha plastiki, kikubwa au kidogo. Mfasiri anayekutana na kipimo hiki na akibadili kiwe lita hapo hapo, wala asimwachie msomaji kazi hiyo.

Je, tuchague kipimo kipi? Mazoea ya barabarani yanadai kilomita kwa lita, nasi hatupendi kupigana na mazoea. Lakini kwa ofisi yenye magari kuukuu kipimo hicho kina mtego. Chukua safari ya kilomita 240, ambayo ni takriban kutoka Kyela hadi Mbeya na kurudi. Pikapu mbovu iendayo kilomita 6 kwa lita itakula lita 40. Ikitengenezwa ikaenda kilomita 8, itakula lita 30. Akiba ni lita 10. Sasa chukua gari jipya liendalo kilomita 12 kwa lita, ulifikishe 14. Lilikuwa likila lita 20, sasa litakula lita 17 na kidogo. Akiba haifiki lita tatu. Katika magari yote mawili ongezeko ni kilomita mbili kwa lita, na afisa anayetazama karatasi ataona maendeleo sawa. Mwaka 2008 Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha katika jarida la Science kwamba watu wengi huhadaika na jambo hili hili kwa maili na galoni zao. Kwa lita kwa kilomita 100 hadaa huondoka: pikapu imetoka 16.7 hadi 12.5, gari jipya limetoka 8.3 hadi 7.1, na tofauti inaonekana kwa macho. Ofisi yenye fedha kidogo za matengenezo itajua ianze na gari lipi.

Kwa wilaya kama Kyela jambo hili si dogo. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, mji kwa mji, na bei huongezeka kwa kadiri mji ulivyo mbali na bandari yanakoshushwa mafuta. (Tuseme kwa kupita kwamba "bei kikomo" ni istilahi iliyofanikiwa: maneno mawili ya Kiswahili, na kila muuza mafuta anayaelewa.) Tena njia yenyewe ni ya kupanda. Ufuko wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, Tukuyu iko kama mita 1,600, na kabla ya kufika Uyole barabara hupita juu ya mita 2,000. Pikapu inayopanda na magunia ya mchele au kakao na ile inayoteremka tupu haziwezi kuandikiwa ulaji mmoja, hata kama ni gari lile lile na dereva ni yule yule. Fomu tuliyoonyeshwa haikuwa na nafasi ya kuandika mzigo.

Tuliona pia kijitabu cha maelekezo kilichofungwa pamoja na fomu hizo. Mengi yake ni mazuri, na "chujio la hewa" limetumika bila kuyumba. Lakini dereva anaagizwa "kuhakikisha kanieneo la matairi". Kanieneo ni istilahi sahihi, na mwalimu wa fizikia asiiache. Barabarani, hata hivyo, tairi hujazwa upepo, na upepo ukipungua gari huwa zito na hula zaidi. Dereva wetu alipoulizwa kanieneo ni nini alijibu kwamba alidhani ni kifaa ambacho gari lake halikuja nacho. Maelekezo kwa madereva yaandikwe "upepo wa matairi", na kipimo chake kiandikwe kwa tarakimu zile zile zilizo kwenye pampu.

Tunapendekeza basi kwamba "uchumi wa mafuta" liondolewe katika fomu za magari. Jumla ya lita iitwe "matumizi ya mafuta". Lita kwa kilomita 100 ziitwe "ulaji wa gari", na kipimo kiandikwe ndani ya kichwa cha safu, si katika maelezo ya nyuma ya fomu ambayo hakuna ayasomaye. Panapotakiwa kilomita kwa lita, paandikwe "mwendo kwa lita", ili isiwezekane kudhani kwamba safu hizo mbili ni kitu kimoja. Safu ya mzigo na njia iongezwe kando yake.

Dereva wa Talatala alituomba tumsaidie kuandika maelezo aliyotakiwa. Tulipomwuliza angependa kusema nini, alichukua kalamu akaandika mwenyewe, mstari mmoja: "Zamani gari lilikuwa linakula kumi na mbili na nusu kwa mia, sasa linakula kumi." Hatukuona cha kusahihisha.