Akili ni Nywele: Karatasi ya Mtihani wa Kiswahili na Msomaji Wake wa Katesh

Hapana mwaka upitao katika Tanzania usiokuwa na siku ya matokeo. Siku hiyo namba za watoto hutangazwa, na mbele ya kila namba huwekwa herufi, nayo herufi hiyo husomwa na wazazi, walimu na majirani kana kwamba ni kipimo cha kichwa cha mtoto. Aliyepata A huitwa mwenye akili; aliyepata E huambiwa kuwa hana. Makala haya yanakusudia kuuliza kama hukumu hiyo ni ya haki. Walakini, kwa kuwa jambo letu hapa ni lugha na fasihi, hatutauliza swali hilo kwa jumla. Tutaichukua karatasi ya mtihani wa Kiswahili wa darasa la 7 kama tunavyoyachukua maandishi mengine yastahiliyo kuhakikiwa. Karatasi hiyo ina mtunzi, ina msomaji aliyekusudiwa, na ina dunia ambayo mtunzi ameijenga bila ya kuitangaza. Msomaji tutakayemtazama ni mtoto wa Katesh.

Yafaa kwanza kuyapima maneno yenyewe. Kiswahili si maskini wa maneno katika jambo hili. Kina akili, kina elimu, kina maarifa, kina busara, kina hekima, kina werevu na ujanja, na mzungumzaji mzuri halitumii moja mahali pa jingine. Mtu aweza kuwa na elimu akakosa busara. Aweza kuwa na maarifa ya kazi yake asijue kuandika jina lake. Wazee walisema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hawakusema kuwa elimu ni nywele, kwa maana walijua kwamba elimu hupewa mtu na watu wengine, na asiyepewa hanayo. Neno mtihani nalo lina maana mbili: ni maswali ya shule, na pia ni msiba au taabu impatayo mtu ili ajulikane uthabiti wake. Maana hii ya pili ndiyo ipimayo utu, na wala haina herufi. Basi kosa la kwanza la siku ya matokeo ni kosa la lugha: karatasi imeuliza habari ya elimu, na watu wametoa hukumu juu ya akili.

Sasa na tumwendee msomaji wetu. Katesh ni makao makuu ya wilaya ya Hanang, katika mkoa wa Manyara, chini ya mlima Hanang ambao kilele chake kimepita mita 3,400. Nchi hiyo, pamoja na Mbulu, Singida na Kondoa zilizo jirani, ni mahali pa ajabu kwa mwanafunzi wa lugha, kwa sababu hapo hukutana aina za lugha ambazo si rahisi kuzikuta pamoja mahali pengine katika Afrika. Wabarbaig, ambao ni tawi la Wadatoga, husema lugha ya Kiniloti. Wairaqw husema lugha ya Kikushi. Wanyaturu na Warangi husema lugha za Kibantu. Na upande wa ziwa Eyasi wapo Wahadzabe, ambao lugha yao ina sauti za kidoko na haijathibitishwa kuwa na ndugu. Mtoto wa Kibarbaig aendaye shule, basi, hakutoka katika lugha iliyo jamaa ya Kiswahili, kama mtoto wa Kizigua au wa Kizaramo alivyotoka. Ngeli za majina, viambishi vya vitendo, mpangilio wa upatanisho, vyote ni vigeni kwake. Hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiswahili mpaka darasa la 7. Na akifaulu kuingia sekondari hukuta kwamba lugha ya masomo imegeuka kuwa Kiingereza. Kwa hiyo mitihani miwili mikubwa ya utoto wake huifanya katika lugha ya pili na ya tatu.

Tuifungue karatasi. Kila mwalimu ajua sehemu zake: sarufi, misemo, methali na vitendawili, ushairi, ufahamu. Hebu tuchukue, kwa mfano, swali la namna inayojulikana sana, ambalo humpa mtoto nusu ya methali na kumtaka achague nusu iliyobaki. Methali na iwe hii: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii ni nzuri kupita kiasi. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni mahali pa chini ambapo maji yaingiayo chomboni hukusanyika. Baharia atembee atakavyo, mwisho lazima ashuke ngamani kuteka maji. Mtoto wa Pemba au wa Lamu ambaye baba yake ni mvuvi ameviona vitu hivi kabla hajajua kusoma. Mtoto wa Katesh hakuviona, wala mwalimu wake yamkini hakuviona. Kwake tezi, omo na ngama ni sauti tupu, naye hana njia ila kuzikariri.

Hapa ndipo uhakiki unapopaswa kukaa kidogo, maana swali hilo lina madhara mawili yanayopingana. Mtoto aliyekariri atapata alama kamili bila ya kuelewa neno hata moja. Mtoto asiyekariri atakosa alama, ijapokuwa maana ya methali anayo nyumbani kwake. Mfugaji apelekaye ng'ombe malishoni mbali wakati wa kiangazi ajua sana kwamba mwenda popote lazima arejee penye maji. Laiti angeelezwa chombo ni nini na ngama ni nini, kisha akaulizwa ni jambo gani katika maisha ya kwao lifananalo na hilo, angejibu. Na jibu hilo lingemwonyesha mtahini kama anaweza kulinganisha jambo na jambo, ambayo ni kazi ya akili kweli. Swali la kukamilisha methali haliwezi kuonyesha hivyo. Lapima umbali wa mtoto kutoka pwani, na bidii ya mwalimu wake katika kukaririsha.

Atasema mtu kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na methali zake ni mali ya kila raia, basi mtoto wa bara naye azijifunze. Nakubali kabisa. Bahari ya Kiswahili si ya watu wa pwani peke yao. Lakini tukubaliane kwamba hilo ni fundisho, na akosaye fundisho amekosa kufundishwa. Tena tuulize: mali ya watu wa Katesh, nayo imeingia wapi katika karatasi?

Maana mali hiyo ipo, na ni ya lugha vilevile. Katika Wadatoga mwanamke aliyeolewa hayatamki majina ya wakwe zake, wala maneno ya kila siku yaliyo na sauti karibu na majina hayo. Badala yake hutumia msamiati mwingine uliowekwa kwa kazi hiyo. Tafakari ni kazi gani ya kichwa hiyo: kusikia kila neno kabla halijatoka kinywani, kulipima sauti yake, kuliacha, na kuweka jingine mahali pake, bila ya kukatiza mazungumzo. Wairaqw wana slufay, maombi na baraka za wazee zisemwazo kwa ufasaha mbele ya mkutano, nao mkutano huitikia. Na Wabarbaig, kama alivyoeleza mtaalamu George Klima katika mwaka 1964, wana baraza la wanawake lenye uwezo wa kumhukumu mwanamume aliyewakosea haki yao na kumtoza faini. Na baraza haliendeshwi bila ya hoja, ushahidi na kumbukumbu. Mtoto aliyekulia kati ya mambo haya amekaa katika shule ya lugha. Karatasi haimwulizi hata moja, kisha herufi E yatuambia kwamba lugha imemshinda.

Msidhani kuwa haya ni maneno ya huruma tu. Katika mwaka 2001 Robert Sternberg na wenzake walitoa habari za uchunguzi uliofanywa Usenge, nchini Kenya, karibu na ziwa Viktoria. Waliona kwamba watoto waliojua zaidi dawa za mitishamba, maarifa yaliyohitajiwa sana kijijini, walielekea kupata alama za chini zaidi katika majaribio ya maneno ya kishule; muda wa kujifunza ni mmoja, na kila nyumba huutumia katika lile ilionalo lina faida. Mwaka uliofuata wakatoa habari za watoto 358 wa shule za karibu na Bagamoyo. Watoto hao walijaribiwa, wakafundishwa kwa muda usiotimia saa moja namna ya kuyakabili maswali, wakajaribiwa tena. Alama zilipanda, na mpangilio wa nani mbele na nani nyuma ukabadilika. Ikiwa mafundisho ya chini ya saa moja yaweza kuugeuza mpangilio, basi mpangilio wa kwanza haukuwa habari ya vichwa vya watoto.

Tena herufi zenyewe hazikai mahali pamoja. Matokeo ya kidato cha 4 ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwapa daraja la sifuri watahiniwa zaidi ya 240,000. Nchi ikashtuka, tume ikaundwa, alama zikapangwa upya kwa utaratibu mwingine, na kiasi cha 30,000 wakatoka katika sifuri. Hakuna hata mmoja wao aliyeandika jibu jipya. Baadaye madaraja yakaachwa, ukaja utaratibu wa wastani wa alama. Na katika mwaka 2016 madaraja yakarudishwa. Kitu kigeukacho kwa waraka wa ofisi hakiwezi kuwa sifa ya ubongo wa mtu.

Hata hivyo haifai kuuhukumu mtihani bila ya kumsikiliza mtetezi wake, naye ana hoja nzito. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alikwisha kulalamika kwamba mitihani yetu yapima uwezo wa kukumbuka na kutoa habari kwa wakati wake, na haipimi uwezo wa kufikiri wala moyo wa kutumikia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likajaribu kuponya ugonjwa huo: kazi za kila siku na tabia zihesabiwe pamoja na mtihani, na atakaye Chuo Kikuu kwanza afanye kazi na asifiwe na aliowatumikia. Nia ilikuwa njema. Lakini barua ya sifa yaweza kuandikwa kwa mapenzi au kwa chuki, na mtoto wa mfugaji hana mjomba ofisini. Karatasi ya mtihani haioni uso wala ukoo; yaona namba tu. Wengi waliotoka katika maboma ya Hanang wakawa walimu na waganga walipita katika mlango huo mwembamba, na lau usingekuwapo, yamkini pasingekuwa na mlango wowote. Tena kuna mambo ambayo lazima yapimwe: nani atakubali kutibiwa na tabibu asiyejua kukadiria dawa?

Kwa hiyo hukumu yetu si kwamba mtihani uondolewe. Ni kwamba uitwe kwa jina lake, na utungwe vizuri zaidi. Mwenyewe mtihani umewahi kudanganya kwa pande zote mbili: katika mwaka 2012 huohuo iliripotiwa kuwa watoto zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha 1 hawakujua kusoma na kuandika, kwa kuwa jibu la kuchagua laweza kupatikana kwa bahati. Mtunzi wa maswali ya Kiswahili na amwekee mtoto methali nzima pamoja na habari ya mahali ilipozaliwa, kisha amtake aeleze. Na aziingize, kwa tafsiri njema ya Kiswahili, methali za Wairaqw, za Wadatoga, za Wanyaturu, ili mtoto wa Unguja naye atoe jasho juu ya ng'ombe na mlima. Lugha ya taifa haitapungua kwa hayo, itaongezeka.

Baraza la Mitihani lilipoacha, Januari 2023, kutangaza shule na watahiniwa walioongoza, lilifanya jambo la busara. Na sera ya elimu, katika toleo la 2023, yaelekeza kuwa elimu ya lazima iwe miaka 10, ili mtoto asikatwe njiani akiwa bado mdogo. Limebaki lililo juu yetu sisi wasomaji wa herufi. E ya Kiswahili yatuambia kwamba mtoto huyu, siku ile, hakujibu maswali yale kwa lugha ile. Yatupasa tuulize alifundishwa na nani, kwa vitabu vingapi, na alitembea mwendo gani kufika shuleni. Wala tusimtume malishoni na jina la mjinga ambalo mtunzi wa karatasi hakuwa na uwezo wa kumpa.