Umilikaji wa Ngano za Ayari katika Bustani ya Burudani: Tathmini ya Mjadala wa Mashabiki kuhusu Splash Mountain na Tiana's Bayou Adventure

1.0 Utangulizi

Mnamo Juni 2020 kampuni ya Disney ilitangaza kwamba mchezo wa mashua wa Splash Mountain, katika bustani zake za burudani za California na Florida, ungejengwa upya kwa kufuata filamu ya katuni ya The Princess and the Frog (2009). Mchezo wa Florida ulifungwa Januari 2023 na ule wa California Mei mwaka huohuo. Mrithi wao, Tiana's Bayou Adventure, ulifunguliwa Florida Juni 2024 na California Novemba 2024. Mashabiki waligawanyika: wapo waliodai urithi wao umebomolewa, na wapo waliosema mabadiliko yamechelewa mno. Sehemu hii inazipima hoja hizo kwa jicho la fasihi simulizi. Inadai kwamba pande zote mbili zilibishana juu ya filamu mbili za kampuni moja, ilhali mali iliyogombewa haikuwa ya kampuni hiyo.

2.0 Chimbuko la Mgogoro

Splash Mountain, uliofunguliwa California mwaka 1989, uliegemea vipande vya katuni vya filamu ya Song of the South (1946). Filamu hiyo nayo ilitokana na ngano zilizochapishwa kuanzia 1879 na Joel Chandler Harris, mwandishi wa habari mzungu wa Georgia, ambaye alizisikia ujanani kwa Waafrika waliokuwa watumwa katika shamba la Turnwold. Harris alimbuni mzee Remus, mtumwa wa zamani mpole, awe fanani. Hadhira yake ikawa mtoto wa kizungu. Filamu ilipotoka, chama cha NAACP kiliikosoa kwa kuyapamba mahusiano ya bwana na mtumwa. James Baskett, aliyeigiza Remus, hakuweza kuhudhuria uzinduzi wake Atlanta kwa sababu ya utengano wa rangi uliotawala huko.

3.0 Hoja za Mashabiki

Hoja kuu ya watetezi wa mchezo wa zamani ilikuwa kwamba Remus hakuwamo ndani yake, hivyo ubaguzi pia haukuwamo. Hoja hii inajipinga yenyewe. Wabunifu walimwacha Remus, na badala ya sanamu ya lami inayomnasa Sungura wakaweka asali. Mambo hayo yanaonyesha kwamba walijua wanachota kutoka kisima kilichochafuka. Tena, abiria aliendelea kuimbiwa nyimbo za filamu ileile.

Upande wa pili ulijenga hoja juu ya uwakilishi: Tiana ndiye binti mfalme wa kwanza mweusi katika filamu za katuni za Disney. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, baadhi ya waliounga mkono mabadiliko walimhesabu Sungura mwenyewe kuwa sehemu ya aibu. Hapo ndipo palipochanganywa ngano na fremu iliyowekewa ngano. Remus ni fremu ya Harris. Sungura alikuwapo kabla ya Harris.

4.0 Sungura na Mbinu ya Kuomba Adhabu

Kilele cha Splash Mountain kilikuwa poromoko la takribani mita 15. Kisimulizi, poromoko hilo lilikuwa kile kichaka cha miiba ambacho Sungura anamsihi adui asimtupe humo, kumbe ndiko kwao. Msomaji wa ngano za Kiswahili anaifahamu mbinu hii. Katika hadithi ya sungura na simba iliyochapishwa na George Bateman katika Zanzibar Tales (1901), kobe aliyekamatwa anamshauri simba amsugue matopeni hadi gamba litoke. Simba anasugua, kobe anazama na kutoroka. Ulinganifu huu hauthibitishi kwamba ngano moja imeizaa nyingine. Unaonyesha kwamba ayari wa Georgia na wa Zanzibar wana kanuni moja: asiye na nguvu hujiokoa kwa kuielekeza nguvu ya adui. Kwa aliyesimulia akiwa mtumwa, kanuni hiyo haikuwa burudani tu.

5.0 Tathmini ya Usimulizi Mpya

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mchezo mpya unaitukuza New Orleans, muziki wake na mwanamke mweusi mwenye biashara yake. Lakini kisa chake ni chepesi. Tiana anatafuta wanamuziki wa sherehe ya Mardi Gras; Mama Odie anawafanya abiria kuwa wadogo kama vyura, kisha anawarejeshea kimo chao kwenye poromoko. Dakta Facilier, adui wa filamu, hayumo. Poromoko lipo, ila hakuna anayetoroka chochote. Mashabiki waliolalamika kwamba kisa hakina mgogoro walitoa hoja halali ya kifasihi, na si haki kuwatia wote katika kapu la wabaguzi. Wasichokisema ni kwamba mgogoro walioukosa ulibuniwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote katika mchezo wa zamani.

6.0 Hitimisho

Uamuzi wa kuachana na Song of the South ulikuwa sahihi. Kasoro ni kwamba fremu ilipovunjwa, picha nayo ilitupwa, na wenye picha hawakuulizwa: si mwaka 1946, si 1989, wala si 2020. Kwa watafiti wa fasihi simulizi, funzo ni kwamba kumwondoa msimulizi wa kubuniwa hakutoshi kumrudisha msimulizi wa kweli. Kila ngano inapohamishiwa katika filamu au bustani, tathmini yake ianze kwa kumtafuta fanani wa mwanzo, ndipo ifuatie hukumu juu ya uzuri wa chombo kilichoibeba.