Safari ya Puto na Jina la Unyamwezi

Mfaransa Jules Verne (1828–1905) alikuwa hajapata sifa bado alipotoa, mwaka 1863, kitabu chake cha safari ya majuma matano katika puto. Kitabu hiki ndicho kilichomfungulia njia ya umaarufu. Nacho chatuhusu sisi, kwa kuwa safari yenyewe yaanzia Unguja. Dokta Samuel Fergusson, rafiki yake Kennedy aliye mwindaji, na mtumishi wao Joe, wanapaa tarehe 18 Aprili 1862. Wanapita juu ya Uzaramo na Usagara, wanashuka kidogo Kazeh karibu na Tabora, wanaona Nyanza na chimbuko la Nili, kisha wanaelekea magharibi hata wanaokolewa na askari wa Kifaransa penye mto Senegali.

Verne hakupata kufika katika nchi hizi. Habari zake alizichuma katika vitabu vya wasafiri, kama Burton na Speke waliokwenda kwa miguu miaka ya 1857 hata 1859. Wala si aibu: mtunzi hana lazima ya kuona kila alichokiandika. Tena kazi yake ina uzuri wa kweli. Padre kijana wa Kifaransa, aliyetolewa mikononi mwa wauaji, anafia katika kikapu cha puto. Wenzake wanamzika, kisha wanatambua ya kuwa mawe ya pale yamejaa dhahabu. Joe anaipakia kwa furaha, halafu inampasa kuitupa kidogo kidogo ili puto lisianguke. Mafundisho juu ya mali na umaskini yamo humo, bila ya mtunzi kuhubiri.

Lakini hebu tuitazame sura ya Kazeh, kwa maana hapo ndipo penye kasoro ya kitabu. Puto linapoonekana, watu wanadhani ni Mwezi, mungu wao, umeshuka, na wasafiri ni wana wa Mwezi. Waganga wanakuja kusujudu, na dokta anaongozwa kwenda kumponya mfalme mgonjwa. Kisha mwezi wa kweli unachomoza. Watu wanaona miezi miwili, wanatambua wamedanganyika, na wageni wanakimbilia angani. Msomaji hucheka. Lakini kicheko hicho kimejengwa juu ya nini? Juu ya neno moja tu: Unyamwezi. Wasafiri walilifasiri kuwa ni nchi ya Mwezi, na wasomi wa Ulaya walikuwa wameizoea tangu zamani habari ya Ptolemayo ya Milima ya Mwezi. Mtunzi akapiga hatua moja zaidi: wenye nchi ya Mwezi, basi huabudu mwezi.

Wanaojua lugha hawaoni ulazima wa hatua hiyo. Wengi hueleza kwamba jina hilo lilienezwa na watu wa pwani, na kwamba maana yake ni watu wa upande wa magharibi. Kwa sababu mwezi mwandamo huonekana magharibi, jua likiisha kutua. Wenyewe walijitambulisha kwa nchi za watemi wao, kama Unyanyembe. Hivyo huenda jina lilikuwa la kuonyesha upande tu, kama vile mtu asemavyo kusini au kaskazini. Mtunzi akaligeuza kuwa dini ya watu wazima wenye akili.

Sisi tulio Maposeni, karibu na Peramiho, twaweza kuupima uzito wa jambo hili kwa majina yetu wenyewe. Katika vitabu vya karne ya 19 Wangoni wa nchi hii waliandikwa mara nyingi Magwangwara, jina walilopewa na watu wengine waliowaogopa, si walilojiita. Tena fikirini jina la Songea. Mgeni mwenye kamusi angetafuta kitenzi kusonga, akatunga hadithi ya watu waliosongana mahali pamoja. Kumbe Songea ni mtu: Songea Mbano, nduna wa Wangoni, aliyenyongwa na Wadachi mwaka 1906 kwa sababu ya Vita vya Maji Maji. Ajitungiaye maana ya jina hilo amfuta mtu mzima pamoja na mauti yake.

Basi kosa la kitabu si puto, wala si dhihaka peke yake. Ni kwamba wasafiri hutazama toka juu, na kushuka kwao ni kwa saa chache. Hawakai na mwenyeji hata wakamwuliza, “Jina hili maana yake nini, na nani aliwapa?” Hata yule padre, aliyetembea kwa miguu kati ya watu, hatuonyeshwi rafiki yake mwenyeji wala mwanafunzi wake, twaonyeshwa wauaji tu. Ninyi mliofanya kazi ya misioni mwajua ya kuwa hakuna padre aliyedumu mahali pasipo katekista, mpagazi na jirani.

Je, tuwanyime vijana kitabu hiki? La, hasha. Wasome, wafurahie upepo na hatari zake. Lakini wakifika Kazeh, mwalimu afunge kitabu kwa siku moja, awatume kwa wazee wao wakaulize asili ya majina matatu ya karibu: la kijiji, la mto na la ukoo. Warudi na majibu yaliyoandikwa, ndipo wafungue tena. Watacheka bado, lakini watajua wanamcheka nani.